Simu Iliyokuwa na Nyimbo Saba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo simu ilinitii upesi mno. Nakusimulia kwa sababu umeniambia unafungua kibanda chako cha ufundi kule Katoro, na najua wachimbaji wa Geita watakuletea simu za kila namna, zilizotumbukia matopeni na zilizosahauliwa namba za siri na wenyewe. Mnaniita mzee, nami nimelikubali jina hilo ingawa mvi zangu bado zinahesabika. Katika kazi yetu hii mtu huzeeka haraka kuliko maksai.

Wakati huo nilikuwa fundi wa pili katika duka la Mzee Shija pale Maganzo, kando ya barabara. Mzee Shija alianza zamani na redio za betri, akahamia televisheni, na simu zilipokuja akazipokea bila ubishi. Mimi alinichukua kwa sababu nilizijua kompyuta. Nilikuwa nimejifunza mjini Shinyanga, kwenye duka la kuchapa barua, na nisifiche, nilizijua vizuri. Kiburi nilikuwa nacho, tena kiburi chenye sababu, ambacho ndicho kigumu kutibika.

Kompyuta ya mezani husikilizana na mwenye bisibisi. Mwalimu mkuu mmoja aliwahi kuniletea yake akiwa amesahau paswedi, na ndani mlikuwa na mitihani ya shule nzima. Nilifungua skrubu nne, nikatoa hadi diski, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu, mafaili yote yakaonekana. Nikayanakili pembeni, nikaipiga windo upya, yaani nikaiwekea mfumo mwingine, kisha nikamrudishia vitu vyake vyote hadi picha za harusi. Hata kompyuta iliyokufa kabisa, mara nyingi unaweza kuitoa diski yake na kuisomea mahali pengine. Mwalimu yule alinishika mkono, akaniita profesa, nami nikabaki nikiamini kwamba nimekuwa profesa kweli.

Basi nikadhani simu ni kompyuta iliyopungua kimo tu.

Ilikuwa mwezi wa sita, pamba inavunwa, na msimu wa ngoma unakaribia. Mzee Shija alikuwa amekwenda Isaka kufuata mzigo wa vioo vya simu ulioshushwa na lori. Wakaingia mzee mmoja na mkewe, wametoka Samuye. Nikawaamkia. Mama akaitikia, akaongeza na salamu ya Kisukuma, "Marahaba, baba. Mwangaluka." Mzee aliinamisha kichwa tu. Shingoni alikuwa amefunga kitambaa cheupe.

"Huyu ni Masunga, manju," mama akasema. "Nadhani umemsikia."

Nani upande wetu hakumsikia? Manju ndiye mtunzi na mwimbishaji wa ngoma. Baada ya mavuno vikundi viwili huchezea uwanja mmoja, kila kimoja na manju wake, na kinachovuta watu wengi ndicho kilichoshinda. Masunga alikuwa akiimba, watu wanauhama upande wa pili wakikimbilia kwake.

"Amepasuliwa koo Mwanza," mama akaendelea. Nilikuja kujua baadaye kuwa anaitwa Mama Kulwa. "Sauti ndiyo imeondoka hivyo. Tumekaa hospitali miezi miwili, na tuliporudi amesahau ule mchoro wa kufungulia simu. Wametuambia wewe unafungua."

"Nafungua, mama. Dakika kumi tu."

Alitupia jicho benchi, ambako madalali wawili wa almasi walikuwa wakisubiri simu zao zichajiwe, akawa kama anayetaka kuongeza neno, akaliacha. "Wabeja, baba, asante. Basi ngoja nikanunue chumvi."

Akatoka. Nikabaki na mzee asiyeweza kusema, nami nikasema kwa niaba yetu sote wawili. Nilimweleza kwamba simu hizi ni rahisi, kwamba nimewahi kufungua kompyuta ya shule nzima, kwamba asiwe na wasiwasi. Huku nikibonya kitufe cha kuwashia pamoja na kile cha sauti, ikatokea ile orodha nyeusi yenye maandishi madogo, nikashuka mpaka kwenye mstari wa kufuta kila kitu, na mchoro ukiwemo. Hapo mzee akanigusa mkono. Nikadhani ananishukuru. Nikamwambia, "Usijali, baba." Akanigusa tena, safari hii kwa nguvu, na mimi nikatabasamu, nikabonya.

Simu yenyewe iliniuliza kama nina uhakika. Mwenye simu sikumwuliza hata hilo moja.

Mama Kulwa aliporudi na chumvi yake, simu ilikuwa inawaka kioo cheupe, mpya kama iliyotoka dukani. Nikamwonyesha kwa fahari. Akaishika, akaigeuza, akaniinamia ili wale wa benchi wasisikie. "Nyimbo zimo?"

"Nyimbo gani, mama?"

Alimtazama mumewe, na mumewe alikuwa ameangalia ukuta. Ndipo akaniambia kwa sauti ndogo. Nyimbo saba mpya za msimu ule Masunga alizirekodi ndani ya simu, zisimfikie manju wa upande wa pili, maana wimbo ukivuja kabla ya siku yake hujibiwa kabla haujaimbwa. Hakumfundisha mtu. Alitaka atoke hospitali, aikabidhi simu kwa kijana atakayeimba badala yake. Nilichokifuta ndicho kilichokuwa kimebaki cha sauti yake.

Mwanangu, nimewahi kuanguka kwenye pikipiki, nimewahi kufiwa. Hayo yote sikuyafananisha na dakika ile.

Mzee Shija alirudi alasiri. Aliwakuta wamekaa kwenye benchi, madalali wameshaondoka, nami nimesimama kama mtuhumiwa. Aliwasalimia, akasikiliza, akavua miwani.

"Ng'wanawane," akaniambia, yaani "mwanangu" kwa Kisukuma chetu, "ulimwuliza anataka simu, au anataka kilichomo?"

Nikasema sikuuliza.

"Basi umempa asichokitaka." Akafuta miwani kwa shati. "Tuseme ng'ombe. Kompyuta ni ng'ombe wa zizini kwako. Utamkata pembe, utamhamisha, utamchinja, hakuna wa kukuuliza. Simu ni ng'ombe wa kufugishwa. Umewekewa na tajiri. Maziwa unakunywa, samadi unapeleka shambani, lakini alama ya sikioni ni ya mwenyewe, na mwenyewe, aliyeitengeneza, yuko mbali wala hakujui. Sasa wewe umeingia zizi la watu na kisu cha nyumbani kwako."

Nilijaribu kusema nitaitoa kumbukumbu yake niichomeke kwingine, na hata nilipokuwa nasema nilijua najidanganya. Kumbukumbu ya simu imeunganishwa na ubao wenyewe, na yaliyomo yameandikwa kwa fumbo ambalo ufunguo wake unakaa humo humo. Ukifuta, ufunguo ndio unaotangulia kupotea. Memori kadi hakuwa nayo. Kufuli ile ilikuwa imefanya kazi yake barabara: adui angeiba simu asingepata hata mstari mmoja. Ukali wa simu una maana yake, usije ukawaambia wateja kwamba watengenezaji ni wajinga.

Lilibaki tumaini moja. Simu sasa ilikuwa inadai akaunti iliyofunguliwa nayo mara ya kwanza, na Mzee Shija akasema huenda nyimbo zilijinakili huko bila mwenyewe kujua. Mama Kulwa hakujua lolote kuhusu akaunti. Aliyewafungulia ni kijana aliyewauzia simu, Kahama. Tukampigia.

"Nawafungulia wote kwa ile email yangu," kijana akasema bila wasiwasi, "na paswedi ni ile ile." Akaitaja. Ikakubali. Nakumbuka nilivyopumua. Tukatafuta kila pembe: hakuna picha, hakuna sauti, hakuna kitu. Mzee Shija akamwuliza mbona hakuna nakala. "Ile naizimaga, mzee. Wateja wanalalamika inakula bando."

Masunga alisimama, akachukua kofia yake. Hakukunja uso. Afadhali angenipiga.

Mzee Shija hakunifukuza kazi. Alinituma Samuye kesho yake na kompyuta ndogo ya dukani, akasema nisirudi mpaka nimefanya ninachoweza kufanya. Nilikaa siku tano. Na huko ndiko nilikojifunza kwamba akiba haikai mahali pamoja tu. Mama Kulwa alikuwa amezisikia nyimbo tano. Mumewe alikuwa akijificha nyuma ya ghala akitunga, akidhani yuko peke yake, naye mama yuko upande wa pili anapukuchua karanga, ananyamaza asimharibie. Aliziimba zote tano mbele yake, polepole, na Masunga alimsahihisha kwa kidole, juu, chini, ngoja hapo. Alicheka mara moja, bila sauti, mabega yakitikisika. Tulirekodi, nikanakili kwenye kompyuta, nikanakili kwenye flashi, flashi nikampa mama.

Mbili za mwisho hazikusikiwa na mtu. Alizirekodi porini wiki ile ya kwenda Mwanza, alipokwisha kuambiwa kwamba sauti haitarudi. Shule alikuwa ameishia darasa la pili na kalamu haikumtii, hivyo mkewe alimsoma midomo, mimi nikaandika. Maneno tuliyapata, mstari mmoja mmoja. Mahadhi hatukuyapata. Alipiga mapigo kwenye goti, akapandisha mkono na kuushusha, mama akajaribu hivi na vile, na kila mara Masunga akatikisa kichwa. Siyo.

Siku ya nne, tukiwa tumechoka, simu ile iko juu ya mkeka, imezimwa. Masunga alikuwa anawaza mbali, na kidole chake kikawa kinapita juu ya kioo: chini, kulia, juu kwa kukata, chini tena. Akarudia. Mama Kulwa akaacha kupepeta.

"Ndio huo," akasema. "Ndio mchoro wenyewe."

Vidole vilikuwa vinaukumbuka siku zote. Vilihitaji kutulia tu, na mimi nilivipa dakika kumi. Mzee alipotambua anachokifanya alikirudisha kidole ndani ya kiganja chake.

Msimu ule kikundi chake kilicheza na nyimbo tano. Zilikuwa nzuri. Zilipokwisha, watu walisubiri kidogo, kisha wakahamia upande wa pili. Nilikuwepo uwanjani, nikaona. Masunga alifariki baada ya mavuno mawili.

Sasa nikuusie, mwanangu, maana majuto ni mjukuu na wa kwangu amekua mkubwa. Mteja akiweka simu mezani, usiishike kwanza. Mwulize swali la Mzee Shija: unataka simu, au unataka kilichomo? Kuuliza si ujinga. Asiyeweza kusema, mpe kiti, mpe chai, mpe siku mbili. Akikugusa mkono, acha unachofanya. Mfungulie mtu akaunti kwa jina lake na namba yake, umwandikie paswedi kwenye karatasi aende akaifiche sandukuni na hati ya kiwanja, na ile ya kunakili iwashe, bando lilie. Kwenye kompyuta una haki ya kujaribu kwa sababu una njia ya kurudi. Kwenye simu njia ya kurudi hutengenezwa kabla ya safari, na asiyeitengeneza asiilaumu simu. Na kitu unachokipenda kweli usikifungie mahali pamoja, hata pawe pagumu namna gani. Mwimbie mtu.

Mungu akupe mikono myepesi na subira nzito. Akuletee wateja wanaorudi kukusalimia hata siku ambayo hakuna kilichoharibika. Na kile usichoweza kumrudishia mtu, akunyime nguvu za kukifuta.

Maneno ya zile nyimbo mbili ninayo mpaka leo. Yamo kwenye kompyuta yangu, kwenye flashi mbili, na kwenye karatasi niliyoitia fremu nyuma ya meza ya kazi. Ukija Maganzo nitakuonyesha. Yamehifadhiwa vizuri kuliko kitu chochote nilicho nacho, na hakuna mtu duniani anayejua yanaimbwaje.