Kaseti Yangu ya Pili

Kaseti yangu ya kwanza ilikuwa ya densi, na wauza muziki wa stendi ya Kawangware 56 walizichosha spika zao kwa kuipiga. Ya pili niliimba peke yangu na gitaa, polepole, nikimwombolezea mamangu. Mwandishi mmoja wa gazeti aliimaliza kwa sentensi moja: eti huyu hata kulia kumemshinda. Nilimtukana mpaka koo likauma. Mjinga yule angejua nini? Watu wa mtaa wangu wataielewa, nikajiambia.

Jirani yangu hapo mtaani kwetu Kambi Muru, mama wa kanisa, nilikuwa nimempa moja bure. Jumapili fulani akanikaribisha chai, tukasikiliza kwenye redio yake ya kaseti mahubiri ya pasta, ambayo mama huyo aliyarekodi mwenyewe kanisani. Mahubiri yalipoisha, sauti yangu ikatokea redioni, maneno machache ya mwisho ya wimbo wa mamangu. Nikaitoa kaseti. Yale matundu ya mgongoni, yanayoachwa wazi ili mtu asirekodi juu yake, alikuwa ameyaziba kwa karatasi.

“Hapo mwisho usijali,” akasema akiniongezea chai. “Hiyo tepu iliharibika, huwa inalia hivyo.”