Mgongo wa Mama wa Maziwa

Mafuriko yalipotutoa kijijini Idsowe, tulihamia kambini, kando ya barabara ya Garsen, mahali palipoinuka. Maji yalipoanza kupungua nikawa nateremka mtoni kuchota udongo. Marehemu mama yangu alikuwa akifinyanga vyungu. Mikono yangu mimi ilitaka watu. Nilifinyanga mwanamke anayemsuka mwenzake, kisha mzee anayenawa kabla ya kula. Majirani walicheka, halafu wakawa wanatazama tu.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kiorma aliyetuletea maziwa asubuhi. Akishauza, alisuuza kibuyu chake na kukifukiza kwenye moto wangu, ili maziwa yasichache upesi. Alitia vijinga ndani, akafunika, akakitikisa polepole kama anayebembeleza mtoto. Moshi ulichanganyika na ukungu wa mtoni, naye akawa anaonekana na kupotea, anaonekana na kupotea, mpaka nikahisi bado nimelala.

Nikamfinyanga. Siku alipokiona kile kinyago, alirudi nyuma.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Sisi Waislamu, sanamu ya mtu hatutaki."

Nilishikwa na aibu. "Nisamehe. Nikivunje?"

Alikisogelea tena. "Usivunje. Sura toa."

Nililowesha kidole gumba, nikafuta macho, pua, na mdomo. Niliogopa hatabaki mtu pale. Lakini ule mgongo ulibaki, na viwiko, na namna kichwa kilivyoinamia kibuyu. Jirani yangu alikuwa akipita na mtungi wa maji, akasimama. "Si huyu mama wa maziwa?"

Mwenyewe akacheka, mtandio mdomoni.

Siku ya kukichoma alileta samadi kavu ya ng'ombe wake. Tulikifukia nayo shimoni, tukawasha moto, tukakaa kuutazama. Kesho yake tulifukua jivu. Kilikuwa kimeiva, chekundu, na doa jeusi la moshi begani. Alikipokea kwa mikono miwili, kingali na joto, akapitisha kiganja kwenye ule mgongo wa udongo.

"Kumbe mimi nainama hivi," alisema taratibu. "Mimi nilijua nachoka tu."

Watu walikuja na vikombe vyao kutaka maziwa. Walimkuta amekaa, kinyago mapajani, wakasimama kumngojea.