Volti Kumi na Mbili za Raili Hakala

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mlango wa karakana ya elektroniki ya chuo unapigwa teke mara mbili. Raili Hakala anafungua akidhani ni mwenzake, Gord, amesahau funguo. Anakuta kijana asiyemjua, theluji mabegani, amekumbatia sanduku la plastiki linalonuka kuungua.

"Wewe ndiye Raili wa kwenye vibandiko?"

"Ndiye mimi. Na wewe nani, kabla hujanimwagia theluji yote sakafuni?"

Ni Darcy Michano, Mwojibwe, mmoja wa wenyeji asilia wa eneo hilo, anayefanya kazi ya uvuvi ya jamii yake, mashariki ya mji wa Thunder Bay. Sanduku lake husikiliza ishara za vifaa walivyofungwa stajoni, wale samaki wakubwa wanaopanda mto kutaga barafu ikishayeyuka. Jana alilijaribu katika maabara ya chuo.

"Niliweka volti kumi na mbili kwenye pawa saplai yenu, mama. Kioo chake kikasema kumi na mbili mwanzo hadi mwisho. Mara moshi huo! Kuna sanduku la pili ofisini, ila wakubwa hawalitoi mpaka wajue nani aliharibu la kwanza. Wakisema ni mimi, msimu huu nabaki kufagia bandani."

Raili ananusa sanduku. "Rudi saa tisa. Nitakuwa nimekuandikia chanzo, kiwe chochote kile."

Raili ana miaka hamsini na sita. Baba yake alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha karatasi. Kwa miaka ishirini na miwili amezitunza pawa saplai za chuo, sasa zikiwa sitini na nne: masanduku ya chuma yanayopokea umeme wa ukutani na kutoa volti zile tu ulizozitaka. Kila aliyoipima huibandika kibandiko chenye tarehe na jina lake.

Miaka miwili iliyopita saa zake zilipunguzwa kutoka arobaini kwa wiki hadi ishirini na tano. Kesho kamati ya chuo inaamua kama kazi yote ipewe kampuni ya nje.

Anaileta mezani pawa saplai iliyotumika jana. Haifungui kwanza. Anaweka volti kumi na mbili bila kuunganisha kitu. Anagusanisha nyaya mbili za kutolea umeme, anateremsha kikomo cha mkondo mpaka nusu ampea, anazima. Ndipo anafunga mzigo wa majaribio, kifaa cha kula umeme tu, na kuwasha tena.

"Watu huunganisha kwanza, halafu ndio wanafikiri," anajisemea. "Kikomo ni kama breki. Unazikagua kabla ya mteremko."

Kioo kinasema kumi na mbili. Mita yake ya mkononi inasema kumi na mbili. Anasubiri nusu saa, akila kipande cha mkate wa shayiri nyeusi na siagi. Bado kumi na mbili.

Kisha anaigonga meza kwa ngumi, kama mwanafunzi anavyoweza kuigonga kwa goti. Mita inaruka hadi kumi na saba. Kioo hakibadiliki.

Raili anazima, anaigeuza mashine. Nyuma kuna vipande viwili vya bati vinavyounganisha njia za kutolea umeme na njia ambazo mashine huzitumia kujipima. Skrubu ya kimoja imelegea. Mashine ilikuwa ikisoma pungufu, ikaongeza volti kufidia, huku ikiamini imetoa kumi na mbili.

Anafungua daftari la matengenezo. Ijumaa iliyopita: *feni imebadilishwa, vipande vya nyuma vimerudishwa.* Mwandiko ni wake.

Gord, aliyeingia na kuelezwa kisa wakati huo, anasoma akichungulia juu ya bega lake. "Bibie, huyo kijana aliweka kinga ya volti kuzidi?"

"Hakuweka. Nimeikuta imezimwa. Ingewashwa, ingekata umeme volti zilipozidi."

"Basi! Andika kosa la mtumiaji. Si uongo."

"Ni nusu ya ukweli, Gord."

"Nusu hiyo inatosha kukupitisha kesho. Unataka kuwakabidhi kisu?"

Raili anachukua bisibisi. Anakaza skrubu, anagonga meza mara kumi. Kumi na mbili. Anabandua kibandiko cha zamani taratibu kwa ukucha, kisha anakaa mikono mapajani.

"Kazi naipenda," anasema baadaye. "Kama nitaachwa hapa, nataka kila skrubu ya nyuma itiwe alama ya rangi, ikilegea ionekane. Na kama sitaachwa, anayekuja akute daftari analoweza kuliamini."

Saa tisa kasoro dakika tano Darcy yuko mlangoni. Safari hii amepangusa viatu.

"Umeona nini, mama?"

"Kaa, mwanangu." Anavuta fomu ya kurasa mbili, wa chini ukinakili wa juu. Kwenye sababu anaandika, akitamka kila neno ili asikie: skrubu haikukazwa baada ya matengenezo, kinga ya volti kuzidi haikuwekwa, lakini mtumiaji hakuwa na njia ya kuona hitilafu kwenye kioo.

Darcy anamtazama. "Nani hakukaza?"

Raili anaandika jina lake kamili kwa herufi kubwa, anatia sahihi. Ukurasa wa juu anampa Darcy. Wa chini anakwenda nao mwenyewe ghorofa ya pili, anauweka kwenye trei ya kamati.