Alama Shingoni mwa Pikipiki

Dekow Abkul hakuwa na nafasi ya kuficha kilema chake, maana jamaa zake hawakumpa. Tangu alipotoka vita vya Habeshi na goti lisilokunjika, walimwita Langadhe, yaani kiguru, mchana kweupe na mbele ya wageni, naye akiitika. Jina lenyewe halikumuuma. Kilichomuuma ni kazi ya kupeleleza malisho. Kabla kambi haijahama, mwanamume mmoja au wawili hutangulia kwa miguu, kwani kwao mwanamume mzima hapandi ngamia, siku mbili, siku tatu, wakaone kwa macho yao kama mvua imenyesha huko mbele, kama majani yameota, kama visima vina maji. Anayerudi na habari huketi katikati ya wazee, na neno lake ndilo linalong'oa vibanda. Asiyekwenda hukaa pembeni akasikiliza. Dekow alikuwa na miaka thelathini na sita, ana ngamia wake, mke wake na akili zake timamu, na kwa miaka saba alikuwa amekaa pembeni akiwamiminia wenzake chai.

Basi mwaka wa arobaini na nane akasikia kwamba jeshi linauza vitu vyake vya vita kule Isiolo. Jeshini alikuwa dereva wa lori, kwa hiyo vyombo vya moto havikumtisha. Akajiunga na wafanyabiashara wa mifugo, akaswaga ngamia majike wanne hadi huko, akawauza, akarudi amepanda pikipiki. Majike wanne, tena wa maziwa! Mkewe Shamso aliizunguka mara mbili, akaligusa tangi, akauliza, "Na hii inakamuliwa wapi?" Watu wakacheka wiki nzima. Dekow hakujali. Kutoka Isiolo mpaka Garissa kwa njia ya Garba Tula, siku nne za mchanga na mawe, mashine ilivuma sawasawa na kutulia mikononi mwake, hata akaimba njia nzima. Kwa mara ya kwanza tangu vita alikuwa amekwenda mbali bila kuulizwa na mtu kama anahitaji kupumzika.

Alipofika nyumbani akafanya jambo ambalo ukilifikiria unacheka, kisha unakasirika. Kwao, mnyama akiingia bomani lazima atiwe alama ya ukoo kwa chuma cha moto, upande wa kushoto wa shingo, ili hata akipotea mwaka mzima ajulikane ni wa nani. Ngamia asiye na alama ni wa yeyote. Dekow alikuwa ametoa bomani majike wanne wenye alama, na hakuwa tayari kuingiza kitu kisicho nayo. Akamwita mhunzi, Bare. Bare, mtu mpole asiyependa mabishano, akapendekeza aiandike kwa rangi.

"Ngamia hupakwa rangi?" akauliza Dekow.

Yakaisha. Wakavukuta mkaa, wakaichoma pikipiki shingoni, pale mabomba ya mbele yanapokutana chini ya usukani, mpaka chuma kikawa chekundu. Bare akaigonga alama kwa patasi, mstari mmoja na nusu duara. Mbuzi akachinjwa. Ilipopoa, alama ilipendeza kweli, na kila asubuhi Dekow aliifuta vumbi kabla hajafuta taa.

Mvua za masika zikashuka, njia zikawa tope tupu, pikipiki ikalala chini ya mikeka miezi miwili. Jua liliporudi, Yarow, baba yake mdogo na mkubwa wa kambi, akasema haya, tukione hicho chuma kinajua nini. Dekow akaondoka alfajiri, akafika visima vya Dadaab, akachungulia maji, akasalimiana na watu wa huko na kuwauliza habari za malisho, na kabla ya sala ya alasiri amerudi. Safari ambayo ingemla mtu mwenye miguu mizima siku sita! Wazee wakampisha katikati. Alizungumza kirefu mno, kama mtu aliyefungwa mdomo miaka saba, na hakuna aliyemkatiza. Shamso, upande wa pili wa mkeka, alitokwa na machozi ya furaha. Kisha akamwita Ahmednoor, mdogo wake Dekow, aje yeye amimine chai.

Kuna jambo moja ambalo Dekow hakulisema siku ile. Tangu nusu ya safari usukani ulikuwa ukitetemeka. Si sana. Mikono ilikuwa inamwasha tu, na aliposhuka vidole vilichelewa kufunguka.

Mwezi uliofuata mtetemo ukapanda mpaka mabegani. Mwezi wa pili ukafika menoni, na ule mguu mbovu ukawa unamuuma usiku kucha baada ya mwendo wa saa moja. Dekow akaanza kutafuta ugonjwa. Akakaza nati zote, moja baada ya nyingine, hata zile zisizohusika. Akaifungua injini juu ya turubai, akasafisha kila kipande kwa petroli, akarudisha, na kwa bahati hakikubaki kitu. Akahesabu njiti za magurudumu. Akamwaga mafuta ya zamani akatia mengine. Akavisha mishikio ya usukani ngozi ya kondoo, lakini ngozi haikuzuia kitu. Jirani mmoja akasema ni jicho la watu, kwani nani asiyekiona chuma kile kikimeta? Maalim akaja akakisomea, akafunga hirizi kwenye taa. Kesho yake hirizi ilianguka njiani kwa kutikiswa.

Hapo Dekow akapata adui. Ni yule aliyemuuzia, sajini mmoja wa ghala, mtu wa maneno laini aliyemkaribisha chai na kumpa mkono mara mbili. Kumbe alikuwa anajua! Alikuwa ameuficha ugonjwa ndani ya mashine kama mtu anayemnywesha ng'ombe mzee maji mengi asubuhi ya mnada. Dekow akamchukia kwa moyo wake wote. Kila baada ya sala ya magharibi, kwa miezi mitatu, aliinua mikono yake yenye ganzi akamwomba Mungu amlipe sajini yule, katika mali yake na katika watoto wake. Shamso alimsihi awaache watoto. Akakataa.

Tumaini lililobaki lilikuwa Dida, Mborana wa Buna, fundi wa malori ya barabara pale Garissa. Walitumikia jeshi pamoja, na lugha yao ilikuwa Kiswahili kilekile cha jeshini, kisicho na haya. Dida alikuwa likizo kwao, na siku aliporudi Dekow alimkuta mlangoni pa karakana kabla hajatua mzigo.

"Bikibiki yangu gonjwa, Dida. Nimetibu kila kitu, nati, mafuta, Kurani. Bado inatetemeka, wallahi."

"Ilikuwa hivi tangu Isiolo?"

"Hapana, ilikuja safi. Lakini ile mtu alificha ubaya ndani."

Dida akatua mzigo. Akalibana gurudumu la mbele kwa magoti, akaushika usukani, akausukuma na kuuvuta polepole. Akasikiliza. Akainama, akapangusa vumbi shingoni kwa kidole gumba.

"Hii nini?"

"Alama ya ukoo."

"Nani alichoma?"

"Mimi. Na mhunzi yangu."

"Moto kiasi gani?"

"Mbaka nyekundu," akasema Dekow, na bado sauti yake ilikuwa na fahari kidogo.

Dida akakaa chini, mchangani, na nguo zake za safari. Akamweleza taratibu, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Mabomba yale hayakushikwa kwa nati. Yalishikwa kwa shaba iliyoyeyushwa ndani ya kiungo kule yalikotengenezwa, na shaba haivumilii moto wa chuma. Siku ile ya mbuzi, shaba ilikimbia ikatoka. Tangu hapo shingo ililegea, na kila mwendo uliilegeza zaidi. Akachukua mkono wa Dekow, akaupitisha ukucha wake pembeni mwa ule mstari wa alama. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Sasa unganisha."

"Mimi natengeneza lori, ndugu yangu. Hii sina vifaa yake. Na bomba yenyewe imepinda, nikishika hapa itaachia pale. Siku moja itakatika kabisa. Usipande tena."

Dekow aliupitisha tena ukucha kwenye ule ufa. Aliposema, hakuuliza habari za pikipiki.

"Ile sajini, basi, hakunidanganya?"

"Alikuuzia mali safi."

Mtu yule, aliyepigwa na mabomu Habeshi asilie, alijifunika uso kwa kilemba chake. Miezi mitatu! Na watoto wa watu aliwatia katika laana ile.

Angewaambia wazee siku ileile, mambo yangekuwa mengine. Hakuwaambia. Aliiona nafasi yake pale katikati, aliisikia mikeka ikitandikwa, na ulimi ukakataa. Mwezi wa kumi ukaisha bila mvua ya vuli. Majani karibu na kambi yakaisha, maziwa yakapungua, na Yarow akamwita mbele ya watu wote. "Nenda upande wa Liboi, Dekow. Tunasikia kuna wingu huko. Tutakungoja wewe." Mdomo wa Dekow ulifunguka kusema kweli, ukasema inshallah.

Aliifunga shingo ya pikipiki kwa ukanda wa ngozi mbichi ya ngamia, ulioloweshwa, akauacha ukauke na kubana. Akaondoka taratibu. Mpaka Dadaab ngozi ilishika, na akaanza kuamini. Mbele kidogo ya Dadaab, kwenye mchanga mgumu, usukani ulitikisika mara moja kwa nguvu na kubaki mikononi mwake, gurudumu likaenda njia yake. Alianguka kwa ule mguu mbovu. Akalala pale juani mpaka jioni, kisha akatambaa, kisha akachechemea, na siku ya pili wachungaji wakamwokota. Siku ya saba ndipo walipomfikisha kambini, juu ya ngamia wao.

Wazee walikuwa wamekaa tayari, katikati wamemwachia nafasi. Ndama watatu walikuwa wamekufa katika kumngoja.

"Liboi kuna majani?" akauliza Yarow.

Njiani Dekow alikuwa amelipanga jibu. Wale wachungaji walisema labda, mtu fulani aliona umeme wa radi. Angesema yapo, na wangehama, na pengine yangekuwepo. Aliwatazama ngamia, mbavu zikihesabika, akamtazama Shamso amesimama na kibuyu kitupu.

"Sikufika," akasema. "Nilijua kwamba itavunjika."

Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Yarow alitikisa kichwa mara moja, akageuka kushoto, akamwambia Ahmednoor, "Chukua maji, nenda." Kijana akachukua fimbo yake na kiriba, akaenda kwa miguu, na siku ya nne akarudi akaketi mahali pale. Majani aliyaona kusini, mwendo wa siku mbili tu, wala hakuhitaji kufika Liboi. Ikaamuliwa wahame kesho yake.

Asubuhi wanawake wakabomoa vibanda. Katika kuhama, mwanamume hutembea. Juu ya ngamia wa mizigo, katikati ya fito na mikeka, hupandishwa watoto wachanga, wagonjwa na wale waliozeeka hadi hawajiwezi. Miaka yote saba Dekow alitembea, akifika wa mwisho, saa mbili baada ya wengine, lakini kwa miguu yake. Sasa goti lilikuwa limevimba hadi pajani na hakuweza kuukanyagia mguu ule hata ndani ya kibanda. Shamso alimpigisha magoti ngamia, akapanga mkeka uliokunjwa juu ya fito ili pawe laini.

"Panda, baba Asli," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao, na hakumtazama, kwa heshima yake.

Akapanda. Ngamia akainuka, na kutoka kule juu Dekow akawaona wanaume wote mbele, migongo yao, fimbo mabegani, Ahmednoor akiongoza. Nyuma yake, kamba ikiwa imefungwa mkiani, alifuata ngamia aliyembeba bibi Fatumo, shangazi wa baba yake, kipofu, wa miaka tisini au zaidi.

"Nani amepandishwa hapo mbele yangu?" akauliza bibi.

"Ni Dekow," akajibu Shamso.

"Alhamdulillahi," akasema bibi Fatumo kwa furaha ya kweli. "Hatimaye nimepata mtu wa kuzungumza naye."