Firigisi Iliyokwenda Shule

Nyie vijana mtakaosoma haya, msicheke kabla sijamaliza. Shule niliishia darasa la tatu, lakini mbuni naujua. Nimeupanda, nimeupogoa, nimeuchuma.

Kwa hiyo mjukuu wangu, aliyekuwa shule ya Namswea kwenye mazoezi ya ualimu, aliposema amefundisha habari za mifupa ya dinosaria, mnyama wa kale aliyefanana na mbuni, nilimkatiza.

"Mbuni gani huo wenye mifupa?"

"Mbuni ndege, bibi. Yule mrefu, mwenye mbio."

"Watoto wamekuelewa?"

"Wamechora mti wa kahawa wenye miguu, wakacheka."

Akakaa kwenye kigoda, machozi yanamlenga. Kesho yake mwalimu wa chuo alikuwa anakuja kumpima. Darasa likicheka tena, amefeli.

Nikamwambia anisimulie mimi kwanza. Akasema mnyama huyo alikuwa mdogo, miguu ya kukimbilia. Mifupa yake ilichimbwa huko kusini mwa Afrika, imegeuka mawe, na penye tumbo wakakuta vijiwe vingi vimekaa pamoja.

"Wanasema vinaonyesha alikula majani," akasema. "Hapo ndipo nakwama. Meno yake yenyewe madogo, si ya kutafunia. Vijiwe na majani wapi na wapi?"

Mwili ulinisisimka. Miaka yote napasua firigisi za kuku, nakuta changarawe, namwaga jalalani. Kumbe nilikuwa namwaga meno. Kuku hatafuni, changarawe ndiyo inamsagia. Na huyo mnyama wa zamani zote hizo alikuwa hivyo hivyo, kama kuku wa uani kwangu.

Nikatoka kukamata tetea.

"Bibi, huyo anataga."

"Shika miguu."

Asubuhi akaondoka na firigisi nzima, nimemfungia kwenye jani la mgomba. Mchana babu yao akafunua bakuli la mchuzi, akatazama, akafunika. Tangu anioe firigisi ni yake.

"Mama, firigisi yangu iko wapi?"

"Imeenda shule."

Jioni mjukuu akashuka kwenye bodaboda anakimbia, hata shikamoo kasahau. Ameipasua mbele ya darasa, watoto wamegombea kushika changarawe, mwalimu wa chuo naye kasimama aone. Amepita.

"Na ule mti wenye miguu?"

"Wameufuta wenyewe, bibi."

Nikawaita wote uani, na mzee pia. Nikasema: kuanzia leo, kuku akichinjwa hapa, firigisi haipasuliwi mpaka kila mtoto amekaa anaiona. Babu atakula baadaye.