Mkamwana wa Tanga la Mbele

Nyuma ya nyumba ya wakwe zangu pale Ibighi, milimani Tukuyu, kati ya migomba na mparachichi, kuna mahali ambapo migomba imesimama mbali mbali kama iliyoambiwa ipishe kitu. Mgeni akiuliza, anaambiwa hapo palikuwa na boti. Mgeni hucheka. Tukuyu na boti wapi na wapi? Hata mimi ningecheka, ila nilifundishwa kazi ya tanga hapo hapo, kwenye tope, mvua ikinipiga kichwani, na kila nikipita pale natamani siku zile zirudi.

Boti ilikuwa ya baba mkwe. Ujana wake aliumalizia ziwani, upande wa Kyela, akiwatengenezea boti wageni waliopenda kushindana kwa matanga. Mmoja wao alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia ya kwake. Ilikuwa ndogo, ya watu watatu, ina tanga kubwa, tanga dogo la mbele, na chini yake mkuku mzito wa chuma unaoizuia isipinduke upepo unapoilaza. Mzee hakutaka kuiacha ufukweni ing'olewe vipande. Aliipakia kwenye trela, akaipandisha milima yote hadi nyumbani, akaifunika turubai. Mara moja kwa mwaka, wenye boti wachache waliobaki walipokutana Matema kushindana, aliishusha, na mashindano yakiisha aliipandisha tena huku watu wa stendi wakimpigia miluzi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nimezaliwa Kongwa, ambako maji mengi niliyoyaona utotoni yalikuwa ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Nilipangiwa kazi Rungwe, nikaolewa Rungwe, na hakuna aliyeniambia mapema kwamba kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana na baba mkwe hawakutani. Hamtazamani, hamsemezani, hamgusani, hamkai chumba kimoja. Vijana wengi wa mjini wameshailegeza desturi hiyo, lakini kwenye nyumba ile ilikuwa hai. Mzee akikohoa mlango wa mbele, mimi natokea mlango wa jikoni. Tukikutana njiani, mmoja wetu anaingia kwenye migomba, na mara nyingi aliyeingia alikuwa yeye, maana mimi nilikuwa mzito kushtuka.

Mwanzoni iliniudhi sana. Nilikuwa na hasira za karibu, bado ninazo, na nilimwambia mume wangu kwamba baba yake ananiona kama ukoma. Mume wangu alishangaa kweli. Akasema, "Mzee mzima anaingia kwenye umande kukupisha, halafu wewe unasema hakuheshimu?" Sikuridhika.

Kisha shemeji yangu, aliyekuwa mtu wa tatu kwenye boti, akahamishiwa Mwanza kikazi. Mashindano yalikuwa yamekaribia. Mzee alizunguka boti yake siku nzima. Jioni mama mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha mambo yote pale nyumbani, alinikuta naosha vyombo.

"Mwanangu, wewe utakwenda na boti."

"Mama! Na baba?"

"Baba atakaa nyuma, ashike usukani. Mume wako katikati, na tanga kubwa. Wewe mbele kabisa, na lile dogo. Utampa mgongo, utajitanda kitenge. Nani atasema umemtazama?"

Nikafikiri ananitania. Lakini nilipopanda kwenye ile boti juu ya trela, nikakuta mama amepiga hesabu sawasawa. Mtu wa mbele kazi yake ni kutazama mbele. Anavuta kamba ya tanga dogo, anaangalia upepo unavyokuja juu ya maji, anatafuta boya la kuzungukwa liko wapi, anasema. Mtu wa katikati anasikia, anampelekea wa nyuma. Kana kwamba aliyeichora boti ile naye alikuwa na mkwe.

Taabu ilikuwa kwenye kugeuza. Boti ya tanga haiwezi kuukabili upepo uso kwa uso. Inakwenda kwa kukata pembe, huku kidogo, kule kidogo, na kila inapogeuka lazima wote mhamie upande wa pili, mkiinama tanga lisiwafagie. Hapo mgongo hausaidii. Basi tukafanya mazoezi uani. Mume wangu akipiga kelele "Geuza!", mimi nafunika uso kwa kitenge, nainama, navuka. Na mzee, nilimwona kwa mwanya wa kitenge, kila mara aliinua uso wake juu kabisa, akatazama ncha ya mlingoti, akakaa hivyo mpaka asikie nimetulia. Hakuna siku aliyosahau. Nilianza kumpenda kwa sababu ya jambo hilo, kabla sijawahi kusikia ananiambia neno moja.

Majirani walijaa kwenye ua. "Leo mmefika wapi? Malawi mmeshaipita?" Mume wangu aliwajibu kwamba tumepunguziwa mwendo na foleni. Tulicheka mpaka trela likayumba, na mzee huko nyuma nilimsikia akicheka kwa pua. Niliporudi darasani kesho yake, viganja vimechubuka kwa kamba, wanafunzi wakaniuliza kama nimeanza kulima chai.

Tuliteremka Matema siku mbili kabla ya mashindano. Siku ya kwanza majini niliogopa mpaka nikasali kwa Kigogo cha kwetu. Boti ililala upande, nikajua tumekwisha. Ikakaa hivyo hivyo imelala, inakimbia, mkuku umeishika. Baada ya hapo nilikuwa mtu mwingine. Ila tulilipita boya la mazoezi upande usio wake, tena mara mbili, na mume wangu akasema ni upepo. Mimi nilikuwa nimeona kitu kwa mwanya wa kitenge. Tukishageuza, mzee hakulitafuta boya. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande, sikio mbele, akimngoja mwanawe aseme.

Nilimwambia mume wangu tukiwa tunakunja tanga. Akawaka. "Baba anaona vizuri kuliko wewe." Nikaenda kwa mama mkwe, aliyekuwa anageuza samaki kwenye makaa. Hakuniangalia.

"Anaona mwanga na kivuli tu," akasema. "Ni presha ya macho. Aliambiwa kwamba nuru iliyokwisha kwenda hairudi. Hataki watoto wake wajue, watamnyang'anya usukani. Ameniambia mwaka huu atazunguka maboya yote kwa mkono wake mwenyewe, halafu boti ataigawa. Akilikosa hata moja mbele ya wale wenzake, basi watajua, na atashuka majini kama mzigo. Mwanangu, wewe ndiye uko mbele."

Usingizi ulinitoka. Si kwamba nilitaka kushinda. Nilitaka yule mzee ashuke kwenye boti yake akiwa nahodha. Nilijiambia kwamba njia ipo: mimi nitasema kila kitu, mume wangu atapeleka kila kitu, na mzee hatahitaji macho. Mpango ulikuwa mzuri.

Sasa mume wangu ni mwalimu wa kwaya. Kanisa la pale ufukweni lilikuwa na wageni, na jioni ile alikaribishwa aimbe nao wimbo mmoja. Mume wangu hajui wimbo mmoja ni nini. Asubuhi alifungua kinywa kunisalimia, ikatoka pumzi tupu. Alikuwa amekauka sauti kabisa, anachekelea kwa aibu, anaonyesha koo lake kwa kidole. Nilitamani nimtupe ziwani.

Zilikuwa boti tano. Upepo wa kusini, ambao watu wa ziwa wanauita mwera, ulikuwa umeshaanza kuyavuruga maji. Mpaka boya la kwanza tulikwenda vizuri: mimi nasema, mume wangu anajivuta nyuma na kumnong'oneza baba yake sikioni, mzee anasukuma usukani. Tulilizunguka. Nikapumua. Halafu upepo ukaongezeka, tanga likawa linapiga kama mabati yaliyong'oka, na mume wangu hakuweza tena kuiacha kamba yake ili asogee nyuma. Alipanua kinywa, akajaribu. Hata mimi niliyekuwa karibu naye sikusikia kitu.

Boya la pili lilikuwa mbele, kubwa, la njano, na sisi tulikuwa tunalifuata katikati kabisa. Pembeni yetu boti nyingine ilikuwa inakuja, mwenye usukani anapiga kelele tumpishe. Nikachungulia nyuma kwa mwanya wa kitenge: mzee alikuwa ameelekeza sikio mbele. Alikuwa anangoja. Nilimwona mume wangu akimtazama baba yake, na hapo ndipo alipoelewa, maana uso wake ulibadilika.

Niligeuka mzima mzima, maana kwa kumpa mgongo asingenisikia. Kitenge kilichukuliwa na upepo, na sikukishika. Nikamtazama baba mkwe usoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Ana kovu dogo juu ya nyusi ambalo sikuwahi kulijua. Nikakumbuka kwamba tukitazamana kushoto kwake ni kulia kwangu, jambo ambalo mwalimu hulijua kwa kusimama mbele ya darasa, nikapiga kelele kwa sauti yangu yote ya paredi.

"Baba! Kushoto! Kushoto tena! Nyoosha!"

Mkono wake ulifuata kabla sijamaliza neno. Boti ikajipinda, ile nyingine ikatupita karibu sana, boya likapita pembeni yetu upande wake unaotakiwa.

"Geuza, baba!"

Akageuza. Nami nikavuka kichwa wazi, na yeye akatazama juu kwenye mlingoti kama siku zote. Kuanzia hapo hadi mwisho nilisema peke yangu, na yeye alinifuata neno kwa neno. Tulikuwa wa tatu. Wenzake wa zamani walimjia wakampigapiga mgongo, wakamwambia bado ana mkono. Alisimama pale majini, suruali imekunjwa, akitabasamu kuelekea yalikotoka maneno. Mimi nilikuwa nyuma ya boti nalia, huku mama mkwe akinifunika kwa kitenge chake mwenyewe.

Hatukulizungumza nyumbani. Desturi ilirudi siku ile ile: akikohoa mlango wa mbele, mimi mlango wa jikoni. Wiki za mwanzo niliogopa kwamba nimemvunjia heshima. Mama mkwe aliniambia niache ujinga, nichambue mboga. Boti aliigawa kama alivyosema, kwa vijana wa ufukweni, na siku trela lilipoondoka Ibighi majirani hawakuwa na utani wowote. Mume wangu alipanda migomba pale uani, lakini haikuwahi kusongamana.

Mwaka jana macho ya mzee yalizima kabisa. Tulimpeleka hospitali ya Igogwe, si kwa matumaini, ila sukari yake nayo ilikuwa inasumbua. Mume wangu alikwenda dirisha la dawa. Mama mkwe miguu ilikuwa imemkataa, alibaki nyumbani. Nikabaki mimi na mzee kwenye benchi, kila mmoja mwisho wake, nikiwa nimempa mgongo. Muuguzi akatokea mlango wa mwisho wa baraza akaita jina lake, akaingia ndani tena. Mzee akasimama. Akanyoosha mkono mbele, akakuta hewa. Pale barazani palikuwa na watu, ndoo, kiti cha magurudumu, na nguzo. Kumshika mkono siruhusiwi. Yeye mwenyewe asingekubali.

Hakumwita mtu. Aliinamisha kichwa, akaelekeza sikio mbele, akangoja. Nikajua anamngoja nani.

"Nyoosha, baba," nikasema.

Akaenda.

"Kulia kidogo. Tena. Nyoosha."

 Nilimfuata kwa nyuma, nikimpitisha kwenye ndoo, kwenye miguu ya watu, mpaka tukafika kwenye nguzo, na mbele yake kile kiti cha magurudumu kilikuwa kimeziba njia. Ilibidi mimi nipite mbele yake nikakisogeze.

"Simama hapo, baba. Nataka kuvuka."

"Ndaga fijo," akasema, polepole. Ahsante sana, kwa lugha yake. Ndiyo maneno pekee aliyowahi kuniambia. Halafu, ili nipite, yule mzee asiyeona kitu aliinua uso wake juu kabisa, akatazama darini, akakaa hivyo mpaka aliposikia nimetulia upande wa pili.