Sauti ya Sehemu ya Kumi na Tisa

Dukani walimwita Mjapani, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa fundi miwani wa miaka arobaini na miwili, mwanamke mfupi mwenye vidole vilivyojaa alama za kukatwa na vioo, na safari ndefu kuliko zote maishani mwake ilikuwa ya saa tano kwa basi. Lakini mteja akishavaa miwani yake mpya na kuridhika, Mjapani alisimama nyuma ya kaunta, akaweka mikono mapajani na kuinama taratibu mpaka kipaji cha uso kikakaribia kugusa kioo. Wateja wengine waligeuka nyuma kutazama anainamiwa nani. Dada wa mapokezi alishika mbavu kila mara, miaka saba mfululizo, na mtu anayeweza kuchekea kitu kimoja miaka saba, mimi simwelewi.

Mapenzi hayo ya mambo ya Kijapani yalimwanza akiwa binti, siku alipoona kwenye televisheni ya jirani tamthilia ya Kijapani ambamo watu wawili walikaa sakafuni dakika nne nzima bila kusema neno, na mwishowe mmoja akalia. Chumba kizima kiliguna, wakataka chaneli ibadilishwe. Yeye alibaki mdomo wazi. Nyumbani kwao watu wote waliongea kwa wakati mmoja, na hakujua kwamba kunyamaza nako kunaweza kuwa hadithi. Tangu siku hiyo hakuponyoka. Za Kikorea alizipenda, za Kichina zenye watu wanaorukaruka juu ya mapaa alizipenda kwa kiasi, lakini za Kijapani ndizo alizorudia. Nyimbo za tamthilia hizo aliziimba huku akisaga lenzi, haelewi hata neno moja, na penye kulia alilia. Utamweleza nini mtu wa hivyo?

Aliishi na mama yake, vyumba viwili na sebule, juu ya duka la rangi. Hapo zamani mama ndiye aliyemdhihaki kuliko wote. Kisha presha ya macho ikaanza kumla mama, kwanza pembeni, halafu katikati, na hapakuwa na lenzi duniani ambayo fundi miwani angeweza kumsagia. Jambo hilo lilimuuma Mjapani kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Basi akampa mama alichokuwa nacho. Kila siku saa kumi na moja jioni, akitoka kazini, alichomeka flashi kwenye televisheni, akapunguza sauti kidogo, akamsomea mama maandishi ya Kiswahili yaliyopita chini ya picha. Na hakusoma hivihivi. Bibi kizee alipewa sauti nzito, mkwe alipewa sauti ya puani, tajiri alipewa sauti ya mwenye duka la miwani. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: alitazama midomo. Mdomo ukifunguka, alisema. Ukifumba, alinyamaza.

Tamthilia iliyowanasa wote wawili ilikuwa ya mjane mmoja mtengeneza miavuli, mwenye mwana wa pekee aliyeondoka nyumbani baada ya kutupiana maneno na mama yake. Hapo ndipo palipouma. Kaka yake Mjapani naye aliondoka miaka kumi na mmoja iliyopita, baada ya kutupiana maneno na mama, akaenda kutafuta kazi za ujenzi wa madaraja. Alipiga simu mwaka wa kwanza, mwaka wa pili akaanza kuchelewa, kisha kimya. Kwa kuwa alikuwa ameondoka na nakala ya ufunguo, mama alikataza komeo la ndani lisiguswe.

"Akija aingie mwenyewe," alisema. "Sitaki agonge kama mgeni."

Na sasa nikuambie kile ambacho mama hakuambiwa. Miaka miwili kabla ya siku hizi ninazosimulia, mwanamume mmoja aliingia dukani na kuweka kifurushi cha kitambaa cha njano juu ya kaunta. Ndani yake mlikuwa na miwani ya fremu nyeusi, mkono mmoja umefungwa kwa waya. Kabla yule mtu hajafungua kinywa, Mjapani alishaona kijidoa ukingoni mwa lenzi ya kulia, pale mashine ilipomteleza siku alipokuwa akimsagia kaka yake. Jukwaa la ujenzi wa daraja liliporomoka asubuhi, yule mtu alisema, na wenzake walimzika hukohuko. Mjapani alimshukuru, akaiweka miwani kwenye droo yake chini ya boksi la skrubu, akaendelea na kazi. Nitamwambia mama kesho, alijisemea. Kesho hiyo ilikuwa na umri wa miaka miwili. Alikuwa mwoga, na alijijua.

Sehemu ya kumi na nane ya tamthilia iliishia mwana wa mjane akiingia msituni theluji ikianguka. Siku iliyofuata muuza filamu aliyekuwa akimwekea tamthilia alimpa flashi huku akikuna kichwa.

"Dada, hapa nina habari mbaya. Yule mtu aliyekuwa akitafsiri kwa kujitolea kapotea. Kuanzia ya kumi na tisa hadi ya thelathini ni Kijapani kitupu."

"Atarudi lini?"

"Mimi nitajuaje? Hata sura yake siijui."

Jioni hiyo mama alikuwa ameshajikunja kwenye kiti, uso umeelekea televisheni. "Haya," alisema. "Kapona au hakupona?"

Mjapani alitazama kioo cha televisheni. Mashabiki wana sheria zao, na ya kwanza ni kwamba mwigizaji mkubwa hauawi katikati ya tamthilia. Tena kijana mwenyewe yule pale, amevaa skafu ya bluu, anacheka, anakunja mwavuli. Kumbe kapona!

"Kapona, mama," alisema. "Yuko mjini. Kapata kazi."

Mama akashusha pumzi ndefu, na ile pumzi ndiyo iliyommaliza Mjapani. Kuanzia hapo alitunga. Mjane akifungua mdomo, Mjapani alimpa maneno ya kumsubiri mwanawe. Kijana akionekana na skafu yake, alimpa maneno ya kurudi. Barua zilifika, sanduku likafungwa, nauli ikapatikana. Alitunga kwa ufundi hata akaanza kuyaamini mwenyewe, na baadhi ya jioni alilala akimwona kaka yake amebeba sanduku lile.

Kwenye sehemu ya ishirini na moja mama aliinua kidole.

"Na yule mwingine anasema nini?"

Kwenye kioo hapakuwa na mtu. Palikuwa na miavuli imetundikwa darini, na theluji nje ya dirisha.

"Yupi, mama?"

"Yule kijana anayeongea taratibu. Tangu juzi unamruka."

Kweli kulikuwa na sauti. Mjapani alikuwa akiisikia bila kuisikiliza, kwa sababu haikuwa na mdomo. "Huyo ni mtangazaji tu," alijibu. "Anataja majina ya waigizaji."

"Mh," mama alisema, na hakuuliza tena. Mama alipoacha kuuliza, mambo yakageuka.

Siku tatu baadaye Mjapani alifika nyumbani mapema. Kabla hajaingiza ufunguo alisikia mama akizungumza. "Ndiyo," mama alikuwa akisema. Kimya kirefu. "Ndiyo, nimesikia. Hapana, miguu haiumi sana." Kimya tena. Mjapani alifungua mlango. Mama alikuwa peke yake, televisheni imezimwa, na kile kiti cha tatu ambacho hukaa jikoni kilikuwa kimewekwa karibu na mlango.

"Unaongea na nani, mama?"

"Nasikiliza tu," mama alisema. "Kesho yule mjane atauvunja mwavuli mwekundu."

Mjapani alicheka kidogo, kicheko kisicho na nguvu. Kesho yake, kwenye sehemu ya ishirini na tano, mjane alishusha mwavuli mmoja kutoka darini, akauweka gotini na kuuvunja vipandevipande, bila chozi. Ulikuwa mwekundu. Mjapani hakuwahi kumtajia mama rangi ya mwavuli wowote. Vinyweleo vilimsimama mikononi mpaka akajifunika khanga.

"Kavunja?" mama aliuliza.

"Kavunja. Umejuaje?"

"Si nimeambiwa."

Ningekuwa mimi, ningezima kile chombo na kukigeuza uso ukutani. Mjapani hakuzima. Kuacha kungemlazimu kueleza kwa nini ameacha, na hapo yote yangetoka. Akaendelea kutunga mpaka sehemu ya ishirini na tisa.

Siku ya sehemu ya mwisho, muuza filamu alikuja dukani mwenyewe, saa sita mchana, anatabasamu.

"Yule mtu karudi! Tafsiri yote hii hapa. Alikuwa anauguza."

Mjapani alisubiri wenzake watoke kwenda kula, akachomeka flashi kwenye kompyuta ya duka, akafungua sehemu ya kumi na tisa. Dakika ya tatu maandishi ya Kiswahili yalipita chini ya picha ya theluji, na hapakuwa na mtu pichani. *Mama, sikutoka msituni. Lakini nimepata njia ya kukusimulia.*

Alisoma akiwa amesimama. Kijana alikuwa amekufa. Picha zote za skafu ya bluu zilikuwa kumbukumbu za siku za nyuma, na ile sauti isiyo na mdomo ilikuwa yake, ikimsemesha mama yake sehemu baada ya sehemu, na mjane akiisikia na kuitikia kwa kichwa. Alirukia ya ishirini na nne. *Kesho vunja ule mwekundu, mama. Ule ni wangu.* Mama yake Mjapani hakujua Kijapani hata cha kusalimia. Nani basi aliyemtafsiria? Siku kumi na moja Mjapani alikuwa amekaa kati ya mama na maiti, akimtilia maiti maneno ya nauli na sanduku.

Dada wa mapokezi aliporudi alimkuta ameshika droo yake kwa mikono miwili, kama anayezuia kitu kisitoke. Siku hiyo hakucheka.

Saa kumi na moja jua lilikuwa bado limejaa dirishani. Chini, mashine ya kuchanganya rangi ilikuwa ikinguruma. Mama alikuwa ameshakaa.

"Leo ya mwisho," alisema. "Leo usimruke yule kijana."

"Sitamruka, mama."

Mjane alionekana amesimama mlangoni, mdomo umefumba. Sauti ikaanza. Mjapani akasoma yaliyoandikwa, kwa sauti yake mwenyewe, hakuigiza.

"'Mama, acha kusimama mlangoni. Niliteleza siku ileile ya theluji. Sikukasirika na wewe. Nilishakasirika na kumaliza kabla sijafika hata barabarani.'"

Alimtazama mama kwa jicho la pembeni, akitarajia kilio. Mama alikuwa akiitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari kwa mara ya pili.

Hapo umeme ukakatika. Picha ikamezwa, feni ikapunguza mwendo na kusimama, mashine ya rangi ikanyamaza huko chini. Palikuwa na mwanga tele wa jua na hapakuwa na sauti hata moja.

"Endelea," mama alisema.

"Umeme umekatika, mama."

"Nimesikia umekatika. Yeye bado anaongea. Sema."

Mjapani alitazama kioo cheusi. Alijiona mwenyewe mle ndani, na mama, na kile kiti cha tatu kando ya mlango. Akapiga moyo konde.

"Anasema jukwaa liliporomoka," alisema. "Anasema ilikuwa asubuhi, hakukawia. Wenzake walimzika hukohuko. Anasema..." Machozi yalikuwa yanamtiririka sasa, hakuyafuta. "Anasema dada yake alijua tangu miaka miwili iliyopita. Alinyamaza kwa sababu aliogopa kukupoteza na wewe."

Mkono wa mama ulitafuta hewani, ukalipata goti lake.

"Hilo la mwisho hakulisema," mama alisema. "Hilo ni lako wewe."

"Nisamehe, mama."

"Nilishakusikia ukilia bafuni siku ileile ulipopata habari. Nilikuwa nangoja useme." Kisha akageuza sikio kidogo kuelekea mlangoni, akasikiliza. "Sasa anasema kuhusu miwani. Ipo kwenye droo yako ya kazini, chini ya boksi la skrubu, ndani ya kitambaa cha njano. Anasema uilete nyumbani."

Habari ya miwani Mjapani hakuwa amemwambia kiumbe yeyote.

Mama alisimama. Alipapasa ukuta, hatua nane, mpaka mlangoni, akageuza ufunguo na kuufungua mlango wazi. Akasogea pembeni na kusubiri, kama anayempisha mtu. Ngazini hapakuwa na mtu. Mama akainua mkono, akaushusha polepole usawa wa bega, bega la mtu mrefu kuliko yeye.

"Haya, baba," alisema. "Nenda salama."

Kisha akaufunga mlango. Komeo lilikuwa limeshika kutu, miaka kumi na mmoja si mchezo, ikambidi alisukume mara mbili ndipo likaingia. Mjapani alisimama, akaweka mikono mapajani, akainama mbele ya mlango uliofungwa, na alikaa hivyo muda mrefu.